Namna ya Kuitambua Modeli Bora ya Shughuli

Ukiletewa modeli ya shughuli za taasisi yako, ile michoro na maelezo ambayo mchambuzi wa mifumo huyaandaa kabla watengeneza programu hawajaanza kazi, usiangalie kwanza unene wake. Uliza: programu hii itabadilisha nini katika kazi ya watu? Mchambuzi aliyebobea hulijibu swali hilo katika ukurasa wa mwanzo kabisa, na jibu hilo ndilo linaloamua achore nini na aache nini.

Chukua mfano wa chama cha akiba na mikopo. Kama uongozi unataka tu daftari la hisa na akiba lihamie kwenye kompyuta, na kazi nyingine zibaki zilivyo, inatosha kuyataja mambo ambayo chama kinayashughulikia, yaani mwanachama, hisa, akiba, mkopo, mdhamini na rejesho, kisha kuonyesha yanavyohusiana. Mtu mmoja anaruhusiwa kudhamini mikopo mingapi? Mwanachama akifariki, hisa zake zinakwenda kwa nani? Kurasa chache zinamaliza kazi. Lakini kama mwanachama ataomba mkopo kwa simu akiwa nyumbani kwake, basi kazi ya afisa mikopo, ya kamati na ya keshia inabadilika yenyewe. Hapo ni lazima ichorwe njia nzima ya ombi, tangu linapoingia hadi fedha zinapotoka, jinsi ilivyo leo na jinsi itakavyokuwa. Ukiletewa kurasa mia kwa kazi ile ya kwanza, au tatu kwa hii ya pili, irudishe.

Wazo hili lina umri. Rational Unified Process, utaratibu wa kutengeneza programu ulioenea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, uliiweka modeli ya shughuli miongoni mwa taaluma zake na ukaeleza kwamba miradi hutofautiana: upo unaohitaji muundo wa taasisi tu ili mahitaji yaeleweke, na upo unaokusudia kuisuka upya biashara nzima. Timu ilitakiwa kuchagua. Nyingi hazikuchagua, zilichukua violezo vyote na kuvijaza vyote. Kurasa zilizojazwa kwa sababu tu kiolezo kilikuwa na nafasi hujulikana upesi: zifute, uone kama kuna uamuzi wowote unaoyumba.

Sasa tazama mambo yanapokwenda mrama. Njia iliyonyooka, ya mwanachama mwenye karatasi kamili na wadhamini waliokwisha saini, yeyote anaweza kuichora mchana mmoja. Ufundi uko kwingine. Mdhamini amejitoa baada ya kamati kupitisha mkopo. Mwajiri amechelewesha makato kwa miezi miwili, kisha analeta fedha zote kwa mkupuo bila orodha ya majina. Mkopaji anataka kuchukua mkopo mpya kabla ule wa zamani haujaisha. Wajumbe wa kamati ni ndugu wa mwombaji. Ukiyakuta mambo ya namna hii kwenye modeli, pamoja na jina la cheo cha anayeamua na muda anaopewa kuamua, jua kwamba mchambuzi aliketi na makarani. Usipoyakuta, jua kwamba alizungumza na meneja peke yake. Mimi husoma sehemu hii kabla ya zote, na mara nyingi hunitosha kujua thamani ya kazi iliyobaki.

Angalia pia kama mchambuzi ametenganisha sheria, masharti ya chama na mazoea. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hairuhusu makato yote kwa pamoja kuzidi theluthi mbili za mshahara. Hilo programu haina budi kulisimamia. Kiwango cha juu cha mkopo kimo katika masharti ya chama, na mkutano mkuu unaweza kukibadilisha, kwa hiyo kiwekwe mahali panapobadilishika. Saini ya tatu kwenye fomu huenda ni mazoea tu yaliyoachwa na mhasibu aliyekwisha kustaafu. Modeli inayoyachanganya haya matatu hugeuza desturi ya ofisi kuwa amri ya kompyuta, na kuiondoa baadaye ni gharama.

Kuna sifa moja ninayoithamini kuliko zote: modeli kukubali kusahihishwa na watu wanaoitumia huduma. M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu, ni ushahidi mzuri. Jaribio lake lilianza Kenya mwaka 2005, likiongozwa na Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone pamoja na Safaricom, kwa wakopaji wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo. Modeli ya awali ilikuwa ya mikopo midogo: mkopaji apokee mkopo na kurejesha kwa simu. Lakini watu wakaanza kuutumia mfumo kulipana wao kwa wao na kuwatumia wengine fedha, na marejesho ya simu yakawa magumu kuyaoanisha na hesabu za Faulu na utaratibu wake wa vikundi. Timu ingeweza kuuita huo utumiaji mbaya na kuuzuia. Badala yake waliibadilisha modeli, na huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ikajengwa juu ya kutuma fedha nyumbani. Kwa hiyo tafuta katika modeli yako sehemu iliyoandikwa wazi kwamba ni dhana, na namna itakavyojaribiwa. Modeli isiyo na dhana hata moja imeficha dhana zake.

Kuhusu alama za kuchorea sina mengi ya kusema. BPMN, mfumo wa alama za kuchorea michakato ya kazi ambao toleo lake la 2.0 lilitoka mwaka 2011, una alama nyingi kuliko chama chochote kitakavyohitaji. Mstatili wa kazi, almasi ya uamuzi, mishale na mistari inayotenganisha idara vinatosha. Mweke keshia mbele ya mchoro, umwombe akueleze siku yake kwa kuufuata kwa kidole, bila msaada wa mchambuzi. Atakaposimama na kusema, “Hapa sivyo tunavyofanya,” andika anachosema. Usitie saini ya kupokea kazi mpaka keshia huyo, afisa mikopo na mjumbe mmoja wa kamati wameufuata mchoro hivyo hadi mwisho.