Fundi Anayeamini Neno "Haiendi"

Siku hizi chuo, mkopo wa elimu ya juu na ajira serikalini vyote huombwa mtandaoni, na kijana wa Mabamba au Heru Juu, huko Kigoma, huanzia kwenye simu aliyonayo. Anajaza kila kitu, anabonyeza kitufe cha kuwasilisha, kimya. Fomu hiyohiyo kwenye kompyuta ya ofisini inakwenda bila shida. Mara nyingi huambiwa: tafuta kompyuta. Yaani apande bodaboda hadi mjini, alipe nauli, alipie na stesheneri, huku dirisha la maombi likikaribia kufungwa.

Namsifu fundi asiyetoa jibu hilo.

Nilimtazama mmoja akiwa kazini Kasulu mjini, anayehudumia tovuti ya chuo kimoja. Kijana alimwambia, "Kaka, nabonyeza, haiendi." Hakumshuku kwamba amejaza vibaya. Alimuuliza ni simu gani, kivinjari gani, toleo la ngapi. Kisha akaomba simu yenyewe, kwani simu yake mwenyewe, iliyo mpya, isingemwonyesha lolote. Akaiunganisha na kompyuta mpakato kwa kebo, akafungua sehemu ya ukaguzi ambako malalamiko ya kivinjari cha simu husomeka kwenye kioo kikubwa. Palikuwa na mstari mmoja mwekundu: kuna nukta mahali isipotarajiwa.

Nukta! Aliyeandika msimbo alitumia alama ya kuuliza ikifuatwa na nukta, njia ya mkato ambayo Chrome ilianza kuielewa katika toleo la 80, Februari 2020. Chrome ya kijana ilikuwa ya kabla ya hapo. Nafasi kwenye simu imejaa, na kusasisha kunakula bando. Kivinjari kikikuta alama kisiyoijua hakiiruki. Hukataa faili zima, kama karani anayerudisha barua yote kwa sababu ya neno moja asilolielewa, na kitufe kinachotegemea faili hilo hubaki pambo.

Fundi angeweza kuishia kwenye kuugeuza msimbo uwe wa mtindo wa zamani, jambo ambalo programu maalumu hulifanya yenyewe. Hakuishia hapo, na hapo ndipo nilipomheshimu zaidi. Aliirudisha fomu kwenye umbo lake la asili. Tangu HTML 2.0 ilipochapishwa Novemba 1995, fomu imekuwa na uwezo wa kujituma yenyewe kwa seva bila msimbo wowote wa ziada, mradi iambiwe inakokwenda na kitufe chake kiwe cha kuwasilisha kweli. Mengine yote ni nakshi. Yakigoma, maombi bado yanafika.

Akaijaribu pia kwenye Opera Mini, kivinjari kilichotolewa kwa dunia nzima mwaka 2006 na kupendwa na wenye bando dogo. Kikiwa kwenye hali ya kubana sana data, ukurasa hufunguliwa kwanza kwenye seva za Opera, msimbo huendeshwa hukohuko kwa muda mfupi, na simu hupokea ukurasa uliobanwa. Kwa hiyo kisanduku cha fomu cha kutafutia jina la kata, kinachohitaji msimbo ujibu kila herufi inapoandikwa, hakikuleta kitu. Aliweka orodha ya kawaida ya kuchagua. Haipendezi sana machoni, lakini inafunguka. Akaondoa pia nafasi tupu ambayo kibodi ya simu huongeza baada ya neno lililopendekezwa, ile inayofanya barua pepe sahihi ikataliwe. Ni marekebisho madogo, na hakuna atakayemshukuru, kwa kuwa fomu inayokwenda haina wa kuizungumzia.

Wewe unayetengeneza fomu ya maombi, kabla hujatangaza kwamba dirisha limefunguliwa, azima simu ya mlinzi au ya mama anayeuza chakula nje ya ofisi, ujaze fomu yako kwa bando lake, kisha umrudishie bando hilo. Na mwombaji akikupigia kusema haiendi, mwamini kwanza.