Miaka Miwili ya Marejeleo: Kigezo cha Athari na Uhakiki wa Fasihi ya Kiswahili

Kigezo cha athari, ambacho majopo ya kupandisha wahadhiri vyeo hukitumia kupimia hadhi ya majarida, hakikubuniwa kwa kazi hiyo. Mwaka 1955 Eugene Garfield alipendekeza, katika jarida la Science, faharasa ya kuonyesha makala yapi yamerejelewa na yapi. Kigezo kilizuka miaka ya 1960 ili kusaidia kuteua majarida ya kuingizwa katika faharasa hiyo. Hesabu yake ni nyepesi: jarida lililochapisha makala 100 katika miaka miwili, nayo yakarejelewa mara 150 mwaka unaofuata, hupata 1.5.

Kasoro kuu imo katika hiyo miaka miwili. Muda huo huenda ukamfaa mwanabiolojia. Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili hauendi mbio hivyo. Kichomi cha Kezilahabi kilitoka mwaka 1974. Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, ambamo Mulokozi na Kahigi walitetea ushairi usiofungwa na vina na mizani, kilitoka 1979. Ubishi wenyewe haujazimika hadi leo. Lau hoja ya kwanza ingekuwa makala ya jarida, jibu la miaka mitano baadaye lisingehesabiwa, kwanza kwa kuchelewa, pili kwa kuwa ni kitabu, ilhali hesabu hutegemea machapisho yaliyomo katika faharasa.

Aidha, wastani huficha mengi. Makala machache yaliyorejelewa sana huyabeba mengine yasiyosomwa na yeyote, na mwandishi wa haya ya pili huvikwa sifa asiyoichuma. Ndiyo maana Azimio la San Francisco, lililoandaliwa mwaka 2012, likapinga kumpima mtafiti kwa kigezo cha jarida.

Hata hivyo, jopo lina hofu ya haki: pasipo kipimo cha nje, urafiki huweza kuamua. Taarifa zile zile zinazotoa kigezo hutoa pia nusu-uhai wa marejeleo, yaani umri wa kati wa makala ya jarida yanayoendelea kurejelewa. Kwa fani zinazokwenda polepole, safu hiyo ina maana zaidi. Lakini kwa jarida la Kiswahili lisilo katika orodha, hata safu hiyo haipo. Hapo jopo halina budi kuyasoma makala yenyewe, na kuandika sababu za hukumu yake.