Kabla ya kugawanya, nani aliandika majina?

Bandugu, wengi wetu tulipita kwa Lloyd Shapley mbio mbio. Mu 1953 alitoa kanuni ya kugawanya faida kati ya watu waliotumika pamoja. Kanuni ni nzuri, lakini iko na fasi moja inaniuma.

Tuseme mama mmoja iko na shamba pembeni ya mto, vijana wawili kila mmoja iko na pompi. Shamba bila pompi, sifuri. Pompi bila shamba, vile vile. Shamba na pompi moja: mifuko 6 ya mahindi. Pompi ya pili haiongezi kitu. Kama ni bei ya kushindana tu, mama atagombanisha vijana mpaka abaki na yote 6. Shapley anakataa. Anapanga namna 6 ambazo watatu wanaweza kuingia mmoja mmoja, anaangalia kila mtu anaongeza nini akifika, kisha anatafuta wastani. Mama 4, kila kijana 1.

Lakini sharti lake: asiyeongeza kitu hata mara moja, hapati kitu.

Sasa tulete ile mambo kwetu. Sheria ya madini ya 2018, kifungu 242, inagawanya redevansi hivi: 50 % Leta ya kati, 25 % provensi, 15 % komini, sekta ao shefri yenye mgodi, 10 % mfuko wa vizazi vijavyo. Mtoto ambaye hajazaliwa hana mashine, hana hata koleo. Kwa Shapley ni sifuri. Sheria imemwandikia 10. Hapo inamupita mwanahesabu.

Ile 15 inarudi nyuma. Inafuata fasi mgodi uko, hapana fasi maji machafu yanafika. Sisi wa agronomia tunajua: mto haujui mpaka wa sekta. Ni kweli kuna 0,3 % ya mauzo kwa jamii zenye kuguswa na mradi, kuna na fidia ya uharibifu. Lakini pale mlimaji wa chini anakuja kuomba, hakai ku meza ya kugawana.

Mtu atajibu: hesabu hasara pia, Shapley atamwona. Sawa kabisa. Njo maana ninasema kosa haliko mu hesabu, liko mu liste ya wachezaji, na liste inaandikwa mbele ya hesabu. Mukionyeshwa formule na kuambiwa ni ya haki, muulize kwanza nani hakuitwa.