Tazama Karatasi, Si Chuma: Namna ya Kupima Gari la Msuguano

Mwenye Cartercar ya 1910 au Metz ya 1912 atakupeleka kwanza kwenye taa za shaba. Zisifu, ndiyo adabu. Kisha omba ruhusa, piga magoti, uchungulie chini ya sakafu ya gari. Huko hutakuta giaboksi. Utakuta sahani kubwa ya chuma, pana kama sinia la pilau, imefungwa nyuma ya injini na kuzunguka nayo. Mbele ya uso wake, kwa pembe mraba, limesimama gurudumu jembamba ambalo ukingo wake ni wa karatasi. Uamuzi wako wote kuhusu gari hilo utategemea vitu hivyo viwili, na hasa hicho cha pili.

Mwendo wenyewe ni rahisi kuueleza. Gurudumu la karatasi linakandamizwa kwenye sahani, linashika, linazungushwa. Likiwa karibu na ukingo wa sahani linazunguka kwa kasi. Likisogezwa kuelekea katikati linapungua mwendo na kuongeza nguvu. Likifika katikati kabisa linasimama, na likivuka upande wa pili linazunguka kinyumenyume, yaani gari linarudi nyuma. Klachi haipo, ukitaka kutenganisha injini na magurudumu unaziachanisha nyuso mbili kwa pedali. Gia hazihesabiki, maana kila unywele wa nafasi kwenye sahani ni gia yake. Ukumbuke kwamba dereva wa mwaka 1906 aliyebadilisha gia kwenye gari la kawaida alisikika mtaa mzima, meno yakisagana na abiria wakikunja uso. Ndipo utaelewa kwa nini Byron Carter wa Michigan na John Lambert wa Anderson, Indiana, walijenga biashara nzima juu ya karatasi. Uswisi kulikuwa na Turicum, Ujerumani Maurer-Union, na Uingereza GWK, herufi za majina ya waanzilishi wake watatu, Grice, Wood na Keiller.

Wengi wakisikia neno karatasi hucheka. Wasicheke. Karatasi hii ilitengenezwa kwa nyuzi za majani makavu ya nafaka, ikakatwa pete, pete zikapangwa moja juu ya nyingine, zikashindiliwa kwa mashine ya nguvu kati ya mabamba ya chuma, kisha zikachongwa kwenye mashine ya kukerezea hadi zikawa duara kamili. Kinachogusa sahani si uso wa karatasi bali kingo zake, maelfu ya kingo zilizobanana. Profesa William Goss wa Chuo Kikuu cha Purdue alipima vifaa vya namna hii kwa miaka, na vipimo vilionyesha kwamba karatasi ya majani hushika chuma vizuri kuliko ngozi. Kwa hesabu ya kazi, mshiko wake ni karibu robo ya nguvu ya ukandamizaji, na ule wa ngozi ni karibu nusu ya huo.

Sasa tuje kwenye siri ambayo wauzaji hawaitaji. Mafundi wa viwandani walikuwa na kanuni ya zamani kuhusu magurudumu ya msuguano: kilicho laini ndicho kisukume, kilicho kigumu kisukumwe. Sababu yake ni ya akili tu. Mzigo ukizidi, kinachosukumwa husimama na msukumaji huendelea kuteleza juu yake. Msukumaji akiwa laini, analika pande zote sawasawa kwa kuwa anazunguka. Lakini anayesukumwa akiwa laini, amesimama palepale, chuma kinamsaga mahali pamoja. Baada ya muda mfupi gurudumu lina ubapa, na gurudumu lenye ubapa haliwi tena gurudumu.

Magari haya yote yanavunja kanuni hiyo. Sahani ya chuma ndiyo inayosukuma, karatasi ndiyo inayosukumwa. Je, hawakujua? Walijua, ila hawakuwa na njia nyingine. Geuza mpangilio, fanya gurudumu la karatasi lisukume sahani, na utaona kwamba kadiri gurudumu linavyokaribia katikati ndivyo sahani inavyotakiwa kwenda kasi zaidi, mpaka pasipowezekana. Katikati haitakuwa tena mahali pa kutulia, na hakutakuwa na njia ya kuvuka kwenda upande wa kurudi nyuma. Ili upate mwendo unaoanza na sifuri, lazima sahani iwe msukumaji. Ubapa basi si uzembe wa kiwanda fulani. Ni bei ya wazo lenyewe, na tofauti kati ya gari zuri na gari bovu ni namna mtengenezaji alivyojipanga kuilipa.

Kwa hiyo anza na ukingo. Omba gurudumu liachanishwe na sahani, kisha lizungushe kwa mkono polepole huku kidole kikipita juu ya karatasi. Ukingo mzuri una rangi kavu isiyong'aa na unakwaruza kidogo. Ukingo unaong'aa kama meza iliyopigwa vanishi umeungua juu kwa kuteleza. Unaweza kuchongwa upya iwapo unene umebaki. Ukingo mweusi wenye utelezi umekunywa oili kutoka kwenye injini, na huo hauponi. Usikubali kuambiwa kwamba utasafishwa kwa petroli, kwa kuwa nyuzi zilizoshiba mafuta zinayatoa tena zikipata joto. Tafuta ubapa kwa kidole, si kwa jicho, maana jicho husamehe mengi.

Halafu kuna jambo ambalo mimi hulipa alama nyingi kuliko watu wengine wanavyofanya: ukingo unatolewaje? Mtengenezaji aliyejua kwamba karatasi italika aliifunga kwa boliti chache, mahali ambapo spana inafika, ili mwenye gari aweze kuweka mpya bila kulifumua gari zima. Aliyejidanganya kwamba haitalika aliificha. Ukikuta fundi analazimika kushusha ekseli ili afike kwenye karatasi, unajua umekutana na mtu aliyeuza mchoro wake kabla ya kuuishi.

Baada ya karatasi, sahani. Weka rula ya chuma juu ya uso wake na uangalie mwanga unapita wapi. Sahani ya gari lililotumika sana huwa na mfereji wa mviringo karibu na ukingo, kwenye nafasi ya mwendo mkubwa ambayo dereva aliipenda. Mfereji mwembamba hauna neno. Ukiwa wa kina, gurudumu linatumbukia humo na kukataa kutoka, na ule ulaini wa kubadilisha mwendo uliokufanya utamani gari hili umekwisha. Katikati ya sahani inapendeza kuona kishimo kidogo kilichochongwa makusudi, ili gurudumu likikaa kwenye nafasi ya kutulia lisiguse chuma kinachozunguka. Ni jambo dogo la kukereza, lakini linaonyesha kwamba aliyelichora alifikiria dakika zile ambazo gari limesimama na injini inanguruma.

Kisha pima mraba. Paka chaki kwenye ukingo wa karatasi, kandamiza mara moja dhidi ya sahani iliyosimama, achanisha, utazame alama. Alama iliyoenea upana wote wa ukingo ni habari njema. Alama iliyoegemea upande mmoja inasema shafti ya kukingama inayobeba gurudumu haiko sambamba na uso wa sahani, au beringi zake zimechoka. Rudia karibu na katikati ya sahani na tena karibu na ukingo wake, kwa sababu shafti iliyopinda husema ukweli sehemu moja na uongo sehemu nyingine.

Ukitaka kujua kwa nini nasisitiza katikati, fanya hesabu hii. Chukua ukingo wenye upana wa sentimita 4. Gurudumu likikaa sentimita 20 kutoka katikati, upande mmoja wa ukingo unagusa kwenye sentimita 18 na mwingine kwenye 22, kwa hiyo kila upande unatofautiana kasi na gurudumu kwa asilimia 10 tu. Lisogeze hadi sentimita 5. Sasa pande hizo ziko kwenye 3 na 7, na tofauti ni asilimia 40. Karatasi inajisaga yenyewe hata kama mzigo ni mdogo. Na mzigo hapo si mdogo. Injini yenye nguvu ya msokoto ya nyutoni-mita 40 ikiendesha kwenye sentimita 20 inahitaji ukandamizaji sawa na uzito wa kilo 80 hivi ili gurudumu lisiteleze. Kwenye sentimita 5 inahitaji zaidi ya kilo 320. Mahali ambapo mshiko ni mbovu kuliko pote ndipo unapodaiwa kuliko pote: kwenye mlima, gari limejaa, mguu wa dereva ukitetemeka juu ya pedali.

Ndiyo maana mfumo wa nyenzo unaotoka kwenye pedali unastahili dakika nzima ya macho yako. Nguvu ya mguu inazidishwa mara nyingi kabla ya kufika kwenye sahani, na kila uzidishaji unakula mwendo: kiungo kilicholegea milimita chache tu kinaweza kumeza safari yote ya pedali. Tikisa kila kiungo. Shika pia shafti ya injini na uisukume mbele na nyuma kwa urefu wake, kwa sababu ukandamizaji wote huo unaishia kwenye beringi inayozuia shafti isisogee. Ikicheza sana, sahani inakimbia kila inapokandamizwa, na hakuna karatasi mpya itakayotibu hilo.

Ukifika barabarani, tumia masikio. Sauti ya tak-tak inayoongezeka na kupungua kwa kufuata mwendo wa gari ni ubapa wa karatasi. Sauti hiyo ikifuata mwendo wa injini, hata gari likiwa polepole, basi sahani ndiyo imepinda. Tofauti hii ni ya pesa nyingi: karatasi ni matumizi ya kawaida, sahani ni upasuaji. Pua nayo ina kazi. Harufu ya karatasi iliyochomeka baada ya mlima mmoja mkali inasameheka. Ikija kwenye barabara tambarare, dereva anafidia ulegevu fulani kwa kuteleza.

Anayetumia cherehani ameshaiona hadithi yote hii kwa udogo: kile kigurudumu cha mpira cha kuzungushia uzi kwenye bobini, kinachoegemea gurudumu la chuma la mashine. Bobini ikikwama na fundi akaendelea kukanyaga, mpira unapata ubapa palepale.

Hoja ya kuwa magari haya yalikuwa vichekesho inajibika. Mwaka 1913, katika mashindano ya Glidden Tour kutoka Minneapolis hadi Glacier Park, timu ya Metz ilimaliza bila kupoteza alama hata moja na ikatwaa ushindi. Na Metz hayakuwa magari ya matajiri: Charles Metz wa Waltham, Massachusetts, alianza kwa kuuza gari lake kwa mafungu 14, kila fungu dola 25, mnunuzi akaliunge mwenyewe nyumbani. Kampuni ya General Motors iliinunua Cartercar mwaka 1909, wakati William Durant, mwanzilishi wa General Motors, akikusanya kila wazo lililoweza kuwa la kesho, kisha ikaifunga mwaka 1915. Carter mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1908. Inasimuliwa kwamba aliumizwa na hendeli ya kuwashia gari lililozimika la mtu mwingine, na kwamba kifo hicho ndicho kilichochochea starta ya umeme ya Cadillac ya 1912. Wako wanaoipinga simulizi hiyo, nami naichukua kama simulizi. Kilichoua karatasi ni kwamba injini zilikua. Chuma cha gia kikawa bora mwaka hadi mwaka, na karatasi ilikuwa imeshafika ukomo wake.

Onyo kwa anayekusudia kununua. Magari mengi yaliyobaki yameshabadilishwa karatasi, na baadhi ya warekebishaji wameweka vitambaa vya breki au mpira mgumu. Mpira hushika vizuri sana, na wengine wanaupenda kwa sababu hiyo. Mimi sipendi. Mshiko ukizidi, kinachovunjika mzigo ukija si ukingo tena bali cheni, shafti au meno ya ekseli, vitu ambavyo hakuna duka linaloviuza. Kitambaa cha breki nacho kina ukali wa kuila sahani, na hapo umelinda kitu cha bei rahisi kwa kukitoa kafara cha bei ghali. Uliza ni nini kilichofungwa humo, omba kuona kipande cha akiba, na upime unene uliobaki juu ya bamba la chuma. Chini ya sentimita moja, punguza bei kwa gharama ya ukingo mpya na kazi ya kukereza. Mwenye gari akikataa gurudumu liachanishwe na sahani mbele yako, mshukuru kwa chai na urudi siku nyingine ukiwa na fundi wa kukereza.