Mhimili Usiotaja Mwaka

Mwaka 2003, katika vijiji vya tambarare wilayani Korogwe, asilimia 78.4 ya waliopimwa walikuwa na vimelea vya malaria. Kufikia 2008 walibaki asilimia 13. Milimani ilishuka kutoka 24.7 hadi 3.1. Sasa chukua grafu ya uigaji wa kompyuta iliyoandikwa "Korogwe" basi. Korogwe ipi? Mganga mkuu wa wilaya jirani ya Handeni hawezi kujua kama mstari ule unamhusu.

Mwaka 2015 kazi ya kutaja masharti ya uigaji ilifanywa vizuri, ila kwa mkono. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilikuwa imejaribiwa katika vituo 11 vya nchi 7, Korogwe na Bagamoyo vikiwamo, na modeli nne zikakadiria manufaa yake. Kila timu ilibaki na hesabu zake za ndani. Kilichosawazishwa ni ratiba ya dozi, kiwango cha maambukizi na namna ya kutoa majibu. Kwa dozi nne, jibu la kati lilikuwa visa 116,480 vilivyozuiwa kwa kila watoto 100,000. Visa vingi kuliko watoto! Ukisoma maelezo, mshangao unaisha: ni miaka 15, na mtoto mmoja huugua mara nyingi. Makadirio yenyewe yalitofautiana mno, kuanzia visa 31,450 hadi 160,410.

Wanabiolojia wa seli wana kiwango cha kuandika mambo haya kwa lugha ya mashine: SED-ML, kilichotoka 2011. Faili lake hutaja modeli, mabadiliko yaliyofanyiwa modeli hiyo, kanuni ya ukokotoaji, hesabu zinazogeuza matokeo ghafi kuwa namba za kuchorwa, kisha kinachokaa kwenye kila mhimili. Rangi na unene wa mistari viliongezwa katika toleo la nne, 2021. Mimi ningeweza kusubiri zaidi. Uhondo uko kwenye zile hesabu za kugeuza, maana ndipo "kwa kila watoto 100,000" huzaliwa.

OpenMalaria, mojawapo ya modeli zile nne, tayari huandika mbu, watu na afua katika faili la XML. Lakini grafu huchorwa baadaye, kwa programu nyingine, na ile hesabu ya "kwa kila watoto 100,000" inaweza kubaki kwenye kompyuta ya mchoraji. SED-ML nayo haimlazimishi mtu kutaja kijiji wala mwaka. Hayo lazima tuyaongeze wenyewe. Handeni ingetosheka na mstari mmoja chini ya grafu: Korogwe tambarare, maambukizi ya 2008, miaka 15, kwa watoto 100,000 waliomaliza dozi nne.