Kosa la Papa: Hadithi ya Papa na Kima na Mafunzo ya Urafiki Gotu

Miongoni mwa hadithi za Kiswahili zinazofaa kuwafundisha vijana urafiki, ile ya Papa na Kima ina nasaba ndefu. Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 katika Swahili Tales, mkusanyo wa hadithi za Unguja, ikiwa ndiyo mlango wa kisa cha Punda wa Dobi. Jamaa yake wa kale yumo katika Panchatantra ya Bara Hindi. Hadithi iliyovuka bahari hivyo haina budi kupimwa upya kila inapofika kwa hadhira nyingine.

Muhtasari wake ni huu. Kima anakaa juu ya mkuyu uliopanda ukingoni mwa bahari na kumtupia Papa matunda. Urafiki unakolea, na Papa anamwalika kwao. Walipofika katikati ya maji, Papa anafichua kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba mioyo ya kima huachwa mitini, warudi wakauchukue. Alipofika mtini hakushuka tena. Papa alipomwita, alimsimulia habari za punda aliyeponea makuchani mwa simba, akakubali kurudishwa na sungura, akaliwa.

Kwa kawaida funzo linalotolewa ni werevu wa Kima, na kwamba mwenye akili hadanganywi mara mbili. Funzo hilo si la uongo, lakini ni nusu ya hadithi. Linamweka mwanafunzi katika nafasi ya Kima peke yake, yaani ya mtu anayepaswa kujihadhari na rafiki. Kasoro hiyo hiyo imo katika matumizi ya methali ‘Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki’. Kiambishi -ku- kinamfanya msikilizaji kuwa mwenye dhiki, mpokeaji wa msaada. Rafiki ni mtu mwingine anayengojewa aje kupimwa. Kijana hufundishwa kumpima rafiki kabla ya kufundishwa kuwa rafiki.

Upungufu huu una uzito wa pekee mahali kama Gotu, katika Isiolo, penye maporomoko ya mto Ewaso Ng’iro. Eneo hilo ni la Waborana na Waturkana, na Wasamburu hawako mbali. Kiborana ni lugha ya Kikushi na Kiturkana ni ya Kiniloti. Kiswahili huwakutanisha wasemaji wake bila kuwa mali ya upande mmoja. Sehemu hizo zilipitia vita vya shifta vya miaka ya 1963 hadi 1967, na ugomvi wa malisho, maji na mifugo haujakoma. Katika mazingira hayo Papa si samaki tu. Ni mtu wa upande wa pili, na hadithi ikikomea kwenye werevu wa Kima, mtoto aweza kuondoka na imani kwamba kila mwaliko kutoka ng’ambo ni mtego.

Lakini matini yenyewe yana swali ambalo husahauliwa. Kwa nini Papa alisema? Angaliweza kunyamaza mpaka wafike kwao. Alisema, lakini alisema baada ya safari kuanza, na Kima anamlaumu kwa jambo hilo hilo: kutoambiwa mapema. Papa basi si adui mtupu. Ni kiumbe aliyevutwa na utii kwa sultani wake na ahadi kwa rafiki yake, akauchelewesha ukweli mpaka ukakosa faida. Hilo ndilo kosa lake, na vijana wengi waweza kulitambua katika nafsi zao. Kijana wa Gotu anayesikia kwao neno la kumdhuru mwenzake wa darasani hahitaji kuulizwa angefanyaje kama angekuwa Kima. Aulizwe lini Papa alipaswa kusema.

Mila za wafugaji wenyewe zinaunga mkono usomaji huo. Waborana wana dabare, desturi ya kumkopesha mhitaji ng’ombe wa kukamua: maziwa ni yake, ng’ombe ni wa mwenyewe. P. H. Gulliver naye, katika The Family Herds (1955), alieleza jinsi Waturkana na Wajie wanavyojenga usuhuba kwa kupeana mifugo. Hapa rafiki ni mtendaji: anatoa kabla ya kupimwa, na anaaminiwa na kitu kinachoweza kupotea. Matunda aliyotupa Kima ni ya jamii hiyo ya vipawa, na ndiyo yaliyomfanya Papa awe mdeni wa ukweli.

Yaweza kupingwa kwamba mahali penye hatari mtoto anahitaji tahadhari kuliko huruma kwa Papa. Hoja hiyo ina nguvu, na hadithi haiipingi: Kima alifanya vyema kutoshuka. Hata hivyo tahadhari humwokoa Kima mmoja tu. Haizuii safari ya pili ya namna ile. Mtaala wa umilisi wa Kenya, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, unataja upendo, umoja na amani miongoni mwa maadili yake. Maadili hayo hayatatimizwa kwa hadithi inayosomwa kutoka juu ya mti peke yake. Mwalimu amteremshe mwanafunzi majini pia, akae nafasi ya Papa, aone palipokuwa na wakati wa kusema.