Mshiriki na Mshirikina: Msamiati wa Ibada ya Kihindu katika Kiswahili cha Nairobi

1. Utangulizi

Jina la mtaa wa Baba Dogo, ulioko kaskazini-mashariki ya Nairobi karibu na Ruaraka, linakwenda kinyume cha sarufi. Kiswahili Sanifu humwita ndugu mdogo wa baba "baba mdogo", kwa kuwa nomino za watu huchukua upatanisho wa ngeli ya m-wa hata pale nomino yenyewe isipokuwa na kiambishi hicho. Wakazi wa mtaa huo, pamoja na wafanyakazi wa viwanda vilivyo kando ya Barabara ya Baba Dogo, hawaoni kosa lolote. Watumiaji wamekwisha kulikubali jina, na mwanaisimu hana budi kulipokea lilivyo.

Hata hivyo, si kila matumizi ya mtaani yanayofaa kupokewa bila ya kuhojiwa. Makala haya yanachunguza maneno ambayo msemaji wa Kiswahili katika mtaa kama huo huwa nayo anapotaka kueleza jambo moja mahsusi, yaani Mzungu anayeshiriki katika ibada ya Kihindu. Inadaiwa hapa kwamba msamiati uliozoeleka humtaja mtu huyo kwa asili yake, au humhukumu. Ni mara chache unapolitaja tendo analolitenda.

2. Tukio

Mfano huu si wa kubuni. Jumuiya ijulikanayo zaidi kwa jina la Hare Krishna iliundwa New York mwaka 1966 na A. C. Bhaktivedanta Swami Prabhupada (1896-1977). Mwaka 1971 mmoja wa wanafunzi wake wa awali, Mmarekani aitwaye Brahmananda Swami, alifika Nairobi kueneza mafundisho hayo, na mwalimu mwenyewe aliuzuru mji mwaka huo huo. Wasifu wa mwalimu huyo, ulioandikwa kwa Kiingereza na Satsvarupa dasa Goswami na kutolewa kati ya 1980 na 1983, unasimulia jinsi alivyoagiza milango ya hekalu moja la mjini ifunguliwe ili Waafrika nao waingie, waimbe na wale.

Uzito wa agizo hilo hauonekani mpaka wakati wake ukumbukwe. Sheria za Kenya za mwaka 1967 juu ya uhamiaji na leseni za biashara zilikuwa zimewafanya maelfu ya Wahindi waihame nchi, na mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza wenzao kutoka Uganda. Katika hali hiyo, Mzungu aliyenyoa kichwa na kuvaa shuka ya rangi ya zafarani, akimwimbia Krishna mbele ya Waafrika, aliivuruga mipaka mitatu kwa pamoja. Yafaa kuuliza aliyemwona angerudi nyumbani na kuwaambia jirani zake nini.

3. Jina la mtu

Tuchukue kauli tatu zinazowezekana:

(a) Mzungu amekuwa Mhindi.
(b) Mzungu amekuwa Baniani.
(c) Mzungu ameingia Uhindu.

Kauli (a) ndiyo iliyo nyepesi ulimini, nayo ni ya uongo. Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi, na asili haiingiwi. Aidha, katika Kiswahili cha Nairobi neno hilo huwakusanya Waismailia, Wagoa ambao wengi wao ni Wakatoliki, na mara nyingine hata Makalasinga. Tangu mwaka 2017, serikali ya Kenya ilipowatambua raia wenye asili hiyo kuwa kabila la 44, kauli hii imezidi kukosa mantiki, kwani kabila si dini.

Kauli (b) ina historia ndefu zaidi. Asili ya neno Baniani ni jina la tabaka la wafanyabiashara wa Gujarati. Pwani lilitumika kumtenga Mhindi asiye Mwislamu na Khoja au Bohora, na kwa kiasi hicho lilikuwa na faida ambayo Mhindi wa Nairobi hana. Lakini hata hapo neno halikuisahau biashara. Methali isemayo "Baniani mbaya, kiatu chake dawa" inaonyesha jinsi lugha ilivyomtazama mtu huyo: wema wake uko katika kile kinachoweza kuchukuliwa kwake. Ibada yake haimo. Ni jambo la kuzingatia kwamba mlangoni mwa hekalu viatu ndivyo vitu vya kwanza kuvuliwa na kuachwa nje, vya mwenyeji na vya mgeni pamoja.

Kauli (c) ndiyo sahihi, ijapokuwa ni irabu moja tu inayotenganisha Uhindu na Uhindi. Udhaifu wake ni kukosa kitenzi. Anayeingia Uislamu husilimu. Anayeingia Ukristo hubatizwa. Kwa anayeingia Uhindu hakuna kitenzi chake maalumu, ijapokuwa katika jumuiya hii mwanafunzi hupokewa rasmi na kupewa jina jipya, jambo ambalo msemaji wa Kiswahili amekwisha kuliona kwa waliosilimu na waliobatizwa.

4. Mzizi mmoja, hukumu mbili

Tatizo kubwa zaidi limo katika kitenzi ambacho hakishukiwi. "Kushiriki" kimetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuwa na fungu pamoja na wengine. Katika mzizi huo Kiswahili kimepata ushirika, ushirikiano na mshiriki, maneno ambayo siasa na vyama vya wakulima vimeyapa heshima kubwa. Lakini ni mzizi huo huo uliotoa shirki, yaani kumfanyia Mungu mwenzi, na ushirikina, ambao leo umepanuka kimaana hata kukumbatia ramli na uchawi. Mshiriki wa ibada ya Kihindu yumo hatarini kuitwa mshirikina kabla hajafungua kinywa.

Hukumu hiyo hailingani hata na itikadi ya wahusika. Madhehebu haya yanafuata mapokeo ya Chaitanya (1486-1534) wa Bengali, ambayo humtaja Krishna kuwa Mungu Mkuu, wala si mmoja kati ya wengi walio sawa. Mwislamu au Mkristo ana haki ya kuyakataa mafundisho hayo. Asichokuwa nacho ni haki ya kuitumia kamusi iyakatae kwa niaba yake.

5. Vitu na matendo ya ibada

Katika ibada iitwayo arati, mhudumu huzungusha taa ya samli, ubani na maua mbele ya umbo la Krishna, kengele ikilia. Hadhira huimba kwa kupokezana, wakipiga ngoma na matoazi. Kisha taa hupitishwa kwa waumini, nao huigusa joto kwa viganja na kuvipeleka usoni. Samli, ubani, matoazi: vitu vyote hivi vina majina ya Kiswahili yasiyo na mashaka. Ugumu huanza pale maana inapotafutwa.

Umbo linaloabudiwa likiitwa "sanamu", neno huja pamoja na "kuabudu sanamu", ambayo ni shutuma iliyokwisha kuundwa. Upande wa pili, chakula kilichotolewa kwanza kwa Krishna na kugawiwa watu kikiitwa "tabaruku", na uimbaji wa majina ya Mungu ukiitwa "dhikiri", msikilizaji ataelewa haraka, lakini ataelewa maulidi. Shanga 108 za kuhesabia jina la Mungu zaweza kuitwa tasbihi bila ya madhara, kwa kuwa hapo kinachofanana ni kifaa na kazi yake. Kwa mintarafu hiyo, neno la dini jirani hufaa kueleza, ila halifai kuchukua nafasi ya jina.

Yaweza kupingwa kwamba kuingiza maneno kama puja, murti na prasada ni kuwafungia wananchi mlango. Pingamizi hilo halisimami. Kiswahili kilizipokea misa na rozari kutoka Ulaya, na kutoka Uarabuni kikapokea sehemu kubwa ya msamiati wa dini, bila ya kupoteza Uswahili wake. Maneno haya matatu yameishia na irabu, na hayahitaji kubadilishwa ili yatamkike.

6. Hitimisho

Watungaji wa kamusi hawana budi kumtenga Mhindu na Mhindi kwa fasili zilizo wazi, na kuonyesha kwamba Baniani ni neno la kale lenye dharau ndani yake. Wafasiri nao wayapokee majina ya ibada na kuyaachia matendo vitenzi vya Kiswahili: kutoa, kuimba, kupokea, kushiriki. Hasa hiki cha mwisho kilindwe. Kama wakazi wa Baba Dogo waliweza kulipa jina la mtaa upatanisho wautakao, hapana sababu ya lugha nzima kushindwa kumwita mshiriki kwa jina lake, awe Mhindi, Mwafrika au Mzungu.